Vumilia hakumtilia Nabintu sumu

Kyebando, Kampala

Kwako Byamungu, mdogo wangu,

Natumaini u mzima, na kwamba mvua haijakung'olea tena mabati. Mimi ninapumua. Leo nimeweza kushika kalamu. Mwezi uliopita vidole vilivimba hata vifungo vya shati nikawa nafungiwa na jirani.

Nilidhani ni uzee, nikameza vidonge vya maumivu. Kisha macho yakawa ya njano, mkojo kama chai ya rangi, nikapelekwa hospitali, kule kilimani Nsambya. Muuguzi akaniinamia: "Mzee, sema ukweli. Unakunywa waragi?"

"Binti yangu, hata divai ya padri sijawahi kuionja."

"Wote wanasema hivyo, ssebo."

Wakapima virusi vya ini, hawakuviona. Ndipo daktari, mama mtulivu, akaishika mikono yangu, akabonyeza kila kifundo, akauliza kipi kilitangulia, vidole au macho. Nikasema vidole. Akachukua damu tena, na kwa sindano akatoa kipande kidogo cha ini. Jibu ni hili: kinga ya mwili wangu imenigeukia, inashambulia ini na viungo kwa pamoja. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kitu ambacho mtu anaweza kumlisha mwenzake. Ila unaweza kutembea katika ukoo.

"Kwenu kuna aliyewahi kuwa hivi?"

"Dada yangu," nikasema.

Byamungu, mkumbuke Nabintu. Asubuhi hakuweza kukunja vidole. Mkasema ni jembe. Macho yalipogeuka njano mkasema karuho, sumu ile ya kwetu, na kwa kuwa mkeo Vumilia ndiye aliyempikia, mkamrudisha kwao. Nabintu mkampeleka kwa mganga, akatapishwa mpaka nguvu zikamwishia, na hakuamka tena.

Daktari hakumwona dada yetu, hawezi kuapa, nami siapi. Lakini dalili ni zile zile na damu ni ile ile. Mimi nameza dawa kila asubuhi, na macho yameanza kurudi meupe. Kila nikijitazama kwenye kioo namwona yeye. Dawa ilikuwapo, mdogo wangu.

Nawe, vidole vikikakamaa asubuhi, usingoje macho. Waambie hospitalini wapime na ini, na uwatajie ugonjwa wangu.

Sasa nakuomba uende kwa wakwe zako, mwenyewe, usitume mtu. Ukubali watakayokuambia. Umrudishe Vumilia mchana, majirani wakiona. Akipika, kaa mlangoni, uwe wa kwanza kula.

Unisalimie shangazi yetu, na mtoto wa Nabintu, umwambie mama yake hakuuawa na mtu. Na shemeji yangu Vumilia umwambie hivi: nikijaliwa kurudi, sitakula kwa mtu yeyote kabla sijala kwake.

Kaka yako,
Cizungu