Fupi, Fupi, Ndefu

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu kaniita dirishani mpaka jirani wa kushoto, yule tunayemwita Spika kwa ukubwa wa sauti yake, akatoka na taulo kichwani. Eti binti amegonga mlango nusu saa. Nusu saa! Nikamwambia nilikuwa nimelala. Saa nne asubuhi, na mwiko mkononi. Aliuangalia tu ule mwiko.

Akaondoka na neno moja: Jumamosi anarudi. Akigonga nisipofungua, nafunga virago, nahamia kwake ghorofa ya nne, chumba kimoja na wajukuu. Nyumba hii ipangishwe.

Mimi! Miaka thelathini na moja kwenye swichibodi ya simu, masikio ndiyo yaliyonilisha. Hayana shida yoyote. Watu wa siku hizi wanagonga kana kwamba wanaogopa kuuamsha mlango.

Jumatano, 5 Machi

Kwa fundi redio wa kona. Nataka mtu akibonyeza kitufe nje, taa iwake ndani. Akauliza kwa nini nisinunue kengele tu. Nikasema kengele zinaniumiza kichwa. Akaniangalia, akaniangalia tena, kisha akatoa kijikompyuta. Ubao mtupu wa ukubwa wa kiganja, hauna nguo wala haya, na ukingoni pini arobaini zimesimama mistari miwili. Nikaupenda papo hapo. Kazi ya kuchomeka waya mahali pake naijua kuliko kupika.

Maelekezo yote kaniandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Hakusema sana. Maskini, labda koo linamsumbua.

Alhamisi, 6 Machi

Haiwaki!

Karatasi inasema taa iende pini ya 11 na ya 6, kitufe 13 na 14. Nimehesabu kama tulivyofundishwa kazini: mstari wa kwanza mpaka mwisho, ndipo wa pili. Kila waya nimeufunga uzi wa rangi yake. Kazi safi. Giza tupu. Nimechomoa, nimechomeka, mara tatu. Nimeutukana ubao, nikaomba radhi, nikautukana tena.

Mwisho nikatia kila kitu kwenye kikapu, moja kwa moja kwa fundi. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kumbe pini zinahesabiwa kwa kurukaruka: moja huku, mbili ng'ambo, tatu huku, nne ng'ambo. Aliyezihesabu hivyo alikuwa anakimbizwa?

Jioni nikaunganisha na televisheni, nikachapa programu aliyoniandikia. Mistari kumi na miwili, vidole vyote kumi, si kudonoa kama fundi. Ikalalamika mstari wa saba, eti sikuacha nafasi mwanzoni. Nikaipa nafasi, ikanyamaza.

Nikabonyeza. IMEWAKA! Nimecheza peke yangu sebuleni, na goti hili.

Kidole chenyewe kikaendelea: fupi, fupi, ndefu. Mlio wangu wa zamani! Nilipokuwa zamu ya jioni, nilimpigia hivyo binti yangu nyumbani, angali mdogo, yuko peke yake. Simu nyingine asipokee. Hiyo tu, ajue ni mama. Hakuwahi kuikosa hata siku moja.

Ijumaa, 7 Machi

Taa ina mashetani. Inawaka yenyewe. Nimefungua mlango mara nane: upepo, upepo, paka, upepo, hakuna kitu, hakuna kitu, paka yule yule, upepo. Spika akauliza kutoka barazani kwake namsubiri nani. Mtaa mzima ulisikia. Hata mimi.

Fundi amekuja mwenyewe. Kumbe kitufe kisipobonyezwa, pini inabaki haijui ishike lipi, inaokota umeme wa hewani kama redio mbovu. Kaongeza neno moja kwenye mstari wa nne. Imetulia.

Nilitaka kuuficha ubao kwenye kopo la biskuti. Akapiga ukelele: bati likigusa pini, moshi! Ukelele huo niliusikia vizuri sana. Nauandika hapa kama ushahidi. Tumetumia kopo la plastiki, juu ya kabati, nyuma ya saa. Kitufe tumekipachika nje kando ya mlango, kama cha kengele ya kawaida.

Akiwa mlangoni alinigeukia, akasema taratibu, uso kwa uso: "Mama, si ungemwambia tu binti yako?"

"Nimwambie nini?"

Akachukua bisibisi yake akaenda. Nimeudhika mpaka sasa.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu na robo, taa! Nimefungua kabla binti hajashusha mkono. Uso wake!

"Mama! Umenisikia?"

"Kwani vipi?" Nikamkaribisha kwa maringo yote niliyonayo.

Tukanywa chai. Yeye anazungumza huku ameinamia kikombe, mimi naweka "enhee" na "kabisa" kwa zamu. Mambo yanakwenda. Mara taa. Nikainuka katikati ya maneno yake, nikafungua. Spika! Kidole bado kwenye kitufe, amekuja kukijaribu. Nimemfukuza kwa macho.

Nilipogeuka, binti yangu haniangalii mimi. Anaangalia kabati. Kopo, nyuzi za rangi, taa.

Akasema anakwenda dukani kununua maziwa. Maziwa yapo, pakiti nzima, mbele yake mezani. Ametoka, mkoba ameuacha kwenye kiti.

Ndipo naandika haya. Naogopa, basi, nimesema. Naipenda nyumba yangu. Naupenda mlango wangu kuufungua mwenyewe.

Taa.

Fupi. Fupi. Ndefu.

Mlio huo ni wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia yeye.

Nikifungua upesi, nimekiri kwamba ni taa. Nikikawia, nimekiri kwamba sisikii. Na yeye hakuwahi kuniacha nikisubiri.

Nimesimama niende kufungua. Kalamu bado mkononi.

Inawaka tena. Fupi. Fupi —