Askari Walitokea Lango la Nyuma

Al-Hamra, Jeddah
Jumatatu, baada ya alasiri

Mdogo wangu Rashid,

Salamu nyingi zikukute wewe na nyumba yako mkiwa wazima. Goti la shemeji linaendeleaje? Na ule mkufu wa umeya, haujakuchubua shingo? Mimi moyo umechoka. Daktari ameniambia kwa adabu nyingi mno, na adabu hiyo ndiyo iliyonifahamisha kwamba siku zangu ni chache. Lakini nakula, nalala, nacheka. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini huku, ambaye nilimfanyia kazi Riyadh katika ofisi yake ya Sulimaniyah nikiwafasiria mikataba watu wetu wanaoletwa huku, amenipa chumba nyumbani kwake hapa Jeddah. Kila asubuhi hunigongea mlango: "Ya Athumani, bado uko?" Nami humtajia kibali changu cha ukaazi: "Bado niko, bosi. Ikama yangu haijaisha."

Habari ya kuchaguliwa kwako aliniletea Wafula, dereva wa nyumba hii, Mkenya mwenzetu, baba wa watoto wanne. Alikuja mbio na simu mkononi.

"Mzee, huyu si ndiye bro wako? Kumbe nampikia ndugu ya meya uji bila sukari!"

"Ndiye."

"Basi mwambie kanjo, hao askari wake wa jiji, watuache. Mimi nilikuwa na kibanda cha kushona viatu, poa kabisa. Wakakivunja mara tatu. Mara ya nne nikaenda kwa ajenti kutafuta kazi huku. Ama unadhani nilikuja kuona ngamia?"

Nilicheka naye, kisha nikausukuma ule uji kando.

Ijumaa ukanipigia simu, ukanieleza mipango yako. Askari wa jiji wavae nambari kifuani, wachuuzi wapewe mahali pa kudumu ili biashara ikue, na iundwe kamati ambayo askari na wachuuzi watakaa meza moja. Nilifurahi, Rashid. Kisha ukasema wachuuzi wamemchagua Mama Zawadi, yule muuza machungwa, awawakilishe, nawe utalikata jina lake. "Huyo aliniuza kwa askari," ulisema. "Simtaki."

Hakukuuza. Niliyekuuza ni mimi.

Wakati ule nilikuwa karani wa meya aliyekuwapo, nimetoka chuo kikuu, nina tai tatu. Wewe ulikuwa ukikaanga mihogo kwenye ile kona nyuma ya Jumba la Jiji, na kila nikipita na wakubwa wangu ulipaza sauti: "Kaka! Njoo uonje, leo pilipili imekolea!" Wao walicheka, nami niliona haya. Meya alipotaka orodha ya kona za kusafishwa, yako haikuwamo. Niliiongeza mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nikafanya na baya zaidi. Unakumbuka mlivyokuwa mkijilinda: Mama Zawadi alikaa na machungwa yake upande wa barabara, kwa kuwa malori ya askari yalitokea huko siku zote. Akiyaona hupiga mluzi, nanyi mnakunja turubai na kupotea. Nilijua kwa sababu wewe mwenyewe ulinisimulia tukila. Basi nikamshauri mkubwa wa askari awapitishe watu wake kwa miguu ndani ya ua wa Jumba la Jiji, watokee lango la nyuma lililokuwa na mnyororo miaka yote. Nililifungua kwa mkono wangu. Mama Zawadi alikuwa ameikazia macho barabara, kama kawaida yake. Angepigaje mluzi?

Jioni ile, nikikufunga bandeji mkono ulioungua mafuta askari walipolipindua karai lako, ulisema, "Hakupiga mluzi. Ameniuza." Nami nikajibu, "Huenda." Alipokuja kukuangalia na kikapu cha machungwa, ulimrudisha mlangoni. Nilikuwapo. Nilinyamaza.

Sasa wewe ndiye meya, na askari ni wako, na biashara za watu ni zako. Usiseme kila jambo lina faili lake. Yanakutana kwenye kona moja, juu ya karai moja. Na usihangaike na wenye rungu peke yao, kwani wale walikwenda mahali nilipoandika. Orodha ya kona ibandikwe ukutani, na chini yake jina la aliyeiandika. Ningejua jina langu litasomwa, nisingethubutu.

Wafula anasafiri likizo Alhamisi. Atabeba barua mbili: hii, na ya Mama Zawadi yenye maneno haya haya. Nimemwagiza akupe yako kwanza, akae siku tatu na watoto wake, ndipo aende sokoni kwa Mama Zawadi.

"Kwa nini siku tatu, mzee?"

"Meya ana shughuli nyingi."

"Wewe kwa mgonjwa ni mjanja sana," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Basi unazo siku tatu. Nenda kwake kabla barua haijamfika, bila msafara.

Nisalimie shemeji, na dada yetu mkubwa ambaye naamini bado anawagombeza nyote, na mjukuu wako aliyenichorea simba wa miguu mitano, nimembandika ukutani. Ukishindwa kunisamehe, nikasirikie mimi ningali hai.

Salamu zangu kwa Mama Zawadi sikumpa Wafula. Hizo nimekuachia wewe uzipeleke.

Ni mimi kaka yako,
Athumani