Ngozi Iliyobaki

Dada mpenzi,

Gauni ulilonitumia limenikaa vizuri mabegani. Tumboni ndiyo kasheshe: unene umekwisha, ngozi imebaki inaning'inia, naikunja kama shuka ndipo nikae kwenye cherehani.

Chini ya mkunjo kuna vidonda. Daktari kaandika ngozi ikatwe. Watu wa bima wakaniita wanikague. Nami, mjinga wako, kwa aibu ya kunuka mbele za watu, nikapaka dawa wiki nzima. Bwana wao mmoja akachungulia, akasema, “Mama, mbona umepona? Huo ni urembo, hatulipii.”

Urembo! Si hao hao walionisumbua nipungue?

Nimekata rufaa, watanikagua tena. Dawa nimeitupa. Ukija usinikumbatie, nanuka. Safari hii nataka wanuse.

Mdogo wako,
anayeshinda akipunguza nguo za wenzake