Baba, Twita Ulizifunga Sawa

Baba yangu,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu tangu mama alipotoka kwenda sokoni, na salamu hiyo ndiyo pekee iliyokuja yenyewe. Mengine nitayaandika yatakavyokuja.

Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka, kwa sababu kosa langu nalo nililisema mbele za watu. Siku ya mazishi yako, wasifu wako niliuandika mimi. Mzee wa kanisa akausoma kwa kipaza sauti, watu wote wakasikia kwamba miezi yako ya mwisho ulikuwa “unachanganya mambo” na kazi yako ya kutengeneza spika ikakushinda. Haikuwa kweli, baba. Hukuchanganya kitu. Nimelijua hilo wiki tatu zilizopita, nikiwa nimeshika twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, mkononi.

Sijalia. Nakueleza mapema usije ukafikiri naandika huku machozi yanadondoka kwenye karatasi. Nimekufa ganzi tu. Naamka, nafungua karakana, nafuta vumbi jekundu kwenye meza yako, nakunywa chai ikiwa imeshapoa. Magari ya watalii yanapita kuelekea getini, Ngorongoro, na mimi nayaangalia bila kuyaona. Mama akiniuliza nimekula nini mchana, inabidi nifikirie.

Unakumbuka tulivyokuwa tunazungusha koili? Nilikuwa darasa la tano. Ulikata kipande cha bomba la plastiki, ukakifunga kwenye kile kidude chako cha mpini, ukawa unazungusha na mimi naushika waya wa shaba usilegee. Wewe ulihesabu kwa Kiiraqw, mimi kwa Kiswahili, kila mtu kwa sauti yake. Mama alikuwa akipita anatucheka, “Huko ndani mnasali lugha mbili?” Siku moja tukamaliza, wewe ukasema mia moja arobaini na nne, mimi nikasema arobaini na tatu. Nilikuwa na njaa, nikakwambia baba, mzunguko mmoja tu. Ukaifumua koili yote. Hukunigombeza wala nini, ulifumua tu, kisha ukasema, “Shika waya.” Tukaanza upya na nikachelewa kula. Nilikasirika sana siku ile, na sasa hivi ningetoa chochote nikasirike vile tena.

Wateja walikuwa wanakuja wanagonga boksi kwa vidole, wanauliza besi ni inchi ngapi. Ukawaambia boksi ni nyumba tu, anayekaa ndani ni krosova. Wakacheka, maana krosova yenyewe ni kipande cha ubao chenye koili mbili na kapasita mbili, hakuna anayekiona. Uliwaeleza kama unavyomweleza mtoto: sauti nzito zinaelekezwa kwenye besi, sauti nyembamba zinaelekezwa kwenye twita, na kazi ngumu ni pale katikati zinapopokezana, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapoongelea. Ndiyo maana spika zako hukuzijaribu kwa muziki. Ulifungua redio, ukasubiri taarifa ya habari, ukafumba macho. Mtangazaji akisikika kama amekaa kwenye stuli yako, kazi imekwisha. Akisikika yuko chumba cha pili, unafungua skrubu.

Kisha nikaenda Arusha kusoma ufundi wa sola, nikarudi na cheti, ukaanza kuniita Injinia. “Injinia amefika, tusimame.” Mama anacheka, majirani wanacheka, na mimi nacheka, lakini kichwani kweli nilikuwa injinia. Miaka minne nilizunguka kwenye kambi za watalii nikifunga mitambo. Kwenye sola, baba, ukigeuza chanya na hasi unaunguza kifaa cha watu na unafukuzwa siku hiyo hiyo. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Nililishika hilo kama amri ya Mungu.

Ukapata kiharusi, nikaacha kambi nikarudi nyumbani. Mkono wako wa kulia haukuwa na nguvu. Maneno yalikupotea, yakaanza kurudi taratibu, ya nyumbani kwa Kiiraqw na ya kazi kwa Kiswahili, kwa sababu ufundi uliujifunza mjini kwa Kiswahili. Hayakuja na sentensi. Koili. Risasi. Bado. Shika. Ukajifunza kushika pasi ya kulehemu kwa mkono wa kushoto, ukijiunguza na kusonya, na ukamaliza krosova mbili za Mwalimu Gwandu wa Buger, yule mstaafu aliyetaka spika za sebuleni. Zilikuchukua mwezi mzima. Mimi nilikata mbao na kugundisha boksi, nikajisifu kwamba tunafanya kazi pamoja.

Kabla ya kufunga boksi nikachungulia. Twita zote mbili zilikuwa zimefungwa kinyume, waya wa chanya kwenye hasi na wa hasi kwenye chanya. Kufunga waya wa mwisho ulikuwa unafanya mwenyewe siku zote, umeinama, mgongo kwetu. Hukunificha kitu. Sikuwahi kukuuliza tu, nilikuwa na cheti.

Nikakuonyesha. “Baba, hii vipi?”

Ukaangalia, ukatikisa kichwa kukubali. “Kinyume.”

“Najua ni kinyume, baba. Ndiyo nakuuliza.”

“Kinyume,” ukasema tena, ukinigusa mkono.

“Haya, usijali. Nitairekebisha.”

Ukapiga meza kwa mkono wa kushoto, skrubu zikaruka. “Kinyume!”

Nilidhani unajilaumu. Nilidhani umeliona kosa lako na limekuuma. Mimi nikasikia mgonjwa anayekiri, kumbe ni fundi anatoa maagizo. Nikachukua pasi, nikayeyusha risasi yako ya kulehemu mbele ya macho yako, nikageuza waya wa twita ya kwanza, kisha wa ya pili. Uliangalia mpaka nikamaliza ya kwanza. Ya pili hukuiangalia. Jioni hiyo nilimwambia mama jikoni, “Baba ameanza kuchanganya,” naye akaendelea kupepeta maharage.

Kesho yake nikaipandisha pasi juu ya kabati. Nikakwambia ni kwa ajili ya usalama wako, pumzika baba, umefanya kazi maisha yako yote. Nilisema kwa upole sana, na ule upole ndio unaonisumbua zaidi. Ukakaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki miezi minane. Wateja walikusalimu wewe halafu wakaongea na mimi. Mwishoni hukuwa unaingia ndani kabisa, hata kuegemea meza. Nikaona hiyo nayo ni dalili ya ugonjwa, na ndiyo nikaiandika kwenye wasifu.

Sasa wiki tatu zilizopita, asubuhi ya ukungu ule mzito, Mwalimu Gwandu akaja na spika zake nyuma ya pikapu, amezifunika na shuka. Akanipa pole upya. Akazungukazunguka na maneno, akauliza hali ya mama, akasifia mahindi ya mwaka huu, ndipo akasema.

“Binti yangu, nisamehe. Hizi hazikuwahi kusema vizuri tangu siku ya kwanza. Ngoma naisikia, kayamba naisikia, lakini mtu akiongea ni kama amejifunika blanketi.”

“Mbona hukutuambia, Mwalimu?”

“Ningesemaje? Mzee alikuwa anaumwa. Tukajua mkono umeshachoka, tukanyamaza kwa heshima yake. Hata leo nimekuja kwa kuwa mke wangu amenisukuma.”

Kwa heshima yako, baba. Wamekaa nazo Buger muda wote huo, kila mgeni akisikiliza anaambiwa hizi ndizo za mwisho za yule fundi wa Karatu, mnamkumbuka, aliishia kuugua.

Nikapima koili. Ziko sawa. Nikapima kapasita, sawa. Nikafungulia redio, mtangazaji akawa kweli yuko chini ya blanketi. Nilikosa pa kushika. Basi nikaingia sebuleni kwetu, nikaipakata moja ya zile spika zetu za zamani, ulizotengeneza kabla sijaanza shule, nikaifungua ili nilinganishe. Twita ilikuwa imefungwa kinyume. Nikafungua ya pili. Kinyume. Ulikuwa na mikono yote miwili mizima ulipozifunga hizo, na maneno yako yote.

Nimeuliza na nimesoma, sasa naelewa, ingawa wewe ungeeleza vizuri zaidi. Koili inaichelewesha kidogo sauti ya besi, kapasita inaitanguliza ile ya twita. Kwa krosova ya namna yako, zinapofika pale katikati zinakuwa zimepishana kabisa, moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Ni kama gari limekwama kwenye tope, mmoja analisukuma kutoka nyuma na mwenzake kutoka mbele. Ukiigeuza twita, wote wanahamia upande mmoja. Kwa hiyo kinyume ndiyo sawa. Nilipogeuza tena waya wa twita za Mwalimu na kuwasha redio, mtangazaji akatoka kwenye blanketi, akakaa mbele yangu akisoma bei za mazao. Nilisikiliza mpaka akamaliza kila zao. Sikusikia furaha wala uchungu, nilisikia bei ya vitunguu.

Mama nilimwambia siku hiyo hiyo. Aliweka sufuria chini. “Mimi nilikuwa nalala naye chumba kimoja,” akasema. “Hakuwa amechanganyikiwa.” Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaniuliza kama ningesikia. Kisha akanipakulia chakula, akakaa pembeni yangu hadi nikala.

Nitasema pia nilichotaka kufanya, maana hii ni barua ya wazi na haitakuwa wazi nikikificha. Nilimpigia Mwalimu Gwandu simu nikamwambia kulikuwa na waya umelegea, nimeukaza. Akafurahi, akasema, “Ndiyo hivyo, mzee alikuwa hana nguvu ya mkono.” Na mimi nikasema, “Ndiyo.” Hivyo tu. Ndiyo. Nikakata simu nikakaa kwenye kiti chako cha mlangoni kwa mara ya kwanza. Ukikaa pale unaona meza yote, baba. Unaona kila kitu mtu anachofanya na mikono yake. Miezi minane.

Juzi nikazipeleka Buger mwenyewe. Mke wake alikuwa amealika majirani wawili na amepika wali. Tukaziweka sebuleni, nikaunganisha, tukafungua redio, na mwanamke mmoja mzee akasema, “Eh, huyu mtu kaingia saa ngapi?” Wakacheka wote. Mwalimu akanisifu mbele yao, akasema binti ameokoa kazi ya baba yake.

Nikawaambia hapana. Nikasimama, maana nikiwa nimekaa neno lisingetoka. Nikasema hizi spika baba alizifunga sawa, akiwa na mkono mmoja, akiwa na akili zake zote. Mimi ndiye niliyegeuza waya nikaziharibu, mimi ndiye niliyemwondoa kwenye kazi yake, na kwenye msiba mlichosomewa nilikiandika mimi na si kweli. Redio ilikuwa inaendelea, ikabidi mke wa Mwalimu aizime.

Mwalimu Gwandu alisogeza kiti chake karibu nami. Hakunikasirikia. Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyekosa hesabu rahisi, akitafuta amekosea hatua ipi.

“Lakini, binti yangu,” akasema, “mbona mzee mwenyewe hakukwambia?”

“Aliniambia, Mwalimu,” nikasema. “Mara tatu.”

Baba, pumzika. Jumapili hii mzee wa kanisa ameniruhusu kusimama baada ya matangazo, na nitayasema haya haya kwa kipaza sauti kile kile. Sikuombi chochote.

Ni mimi, binti yako.