Robo Mita ya Hariri

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya yote naomba uwakalishe kitako watu wote wa nyumbani, redio izimwe, uwatangazie kwamba mimi mwanao Rajabu, kuanzia wiki hii, nimepandishwa cheo kazini: nakalia kiti chenye egemeo. Haya, sasa wanaweza kuiwasha.

Goti lako vipi? Dawa ya kuchua unapaka, au umeihifadhi kabatini pamoja na vyombo vya wageni? Mimi mzima, alhamdulillahi. Durban baridi imeingia, lakini kidogo.

Sasa sikia nilivyokipata. Alikuja dada mmoja wa Morningside, mtaa wa wenye pesa, na mchoro wa gauni ndani ya fremu. Bibi yake alichorewa na mbunifu wa mitindo enzi za usichana wake, wanawake wakivaa glovu kwenda kunywa chai. Hariri ya kijani ikanunuliwa, kisha ikaja ndoa, wakaja watoto, gauni halikushonwa. Sasa bibi anatimiza miaka tisini na anataka kulivaa. Hariri ni ile ile, Mama. Ukiikosea, umeikosea.

Mwanamke wa kwenye mchoro ana miguu ya korongo. Bibi alipokuja kupimwa, alinifika kwapani.

Nikachora chaki kwa kimo chake, nikashika mkasi, roho ikasita. Mama Feza, fundi mwenzangu, mtu wa Bukavu, akapaza sauti juu ya kelele za cherehani: “Ndugu, kata robe! Unaogopa nini?”

Nikasikia robo. Nikawaza, labda ile miguu ya korongo imenidanganya. Nikapunguza robo mita.

“Umefanya nini?”

“Si umesema robo?”

“Robe! Robe ni nguo! Kwetu gauni ni robe! Yesu wangu, Watanzania munatumaliza!”

“Na wewe si useme gauni kama watu?”

“Eish,” akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Bibi akaja kujaribu. Gauni la kuburura chini likaishia katikati ya muundi. Akajitazama kwenye kioo, akajigeuza upande.

“Nani amelikata?”

“Mimi, Bibi. Nilisikia vibaya.”

Akajigeuza upande wa pili. “Refu alilitaka mama yangu,” akasema. “Mimi nilitaka miguu ionekane.”

Mama Feza akaninong'oneza: “Unaona, ndugu? Nilikuambia robo.”

Nisalimie shangazi wa vitumbua, na mdogo wangu anayesomea ualimu, mwambie aache kunisahihishia ujumbe. Mjomba aliyesema ushonaji si kazi ya mwanamume, msalimie mara mbili.

Mwanao akuombeaye afya,
Rajabu

Picha ya sherehe imeingia kwenye simu sasa hivi. Bibi ameketi nyuma ya keki. Gauni linaonekana kola tu.