Vifuniko vya Mfereji wa Birere

Papa mpendwa,

Mama amepona kikohozi, na viazi ulivyotutumia kutoka Kibumba vilifika vizima.

Mama Mukabalisa, jirani aliyekuwa akituuzia maharage, tulimzika Jumamosi. Maji ya mvua yalifunika barabara, akatumbukia katika mfereji usio na vifuniko. Ndipo nikasimama mbele ya wanafunzi wenzangu, nikauliza: “Nani alitia sahihi kwamba vifuniko vimewekwa?” Umati ukapiga makofi.

Jana karani mmoja wa ofisi yako ya zamani akaniletea hati ya kupokea kazi, ile inayothibitisha kwamba mfereji umekamilika, huku akicheka: “Mutoto ya muzee, soma chini kabisa!”

Niliiona sahihi yako, Papa. Naijua desturi ya ofisi uliyostaafu: mkandarasi huleta hati pamoja na soda, nanyi mnasaini mkiwa mezani, bila kwenda kutazama. Mkono uliosaini ndio ulionifundisha kuandika.

Jumatatu nitawasomea watu majina yote matatu yaliyosaini hati hiyo, na lako sitaliruka. Watoto wa marehemu watakaa mbele. Nakuomba ushuke kabla ya siku hiyo, ili walisikie kwanza kutoka kinywani mwako.

Binti yako, anayekuheshimu bado,
Igihozo