Vigingi Kando ya Chemchemi

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kuhifadhi shamba ni kuliacha lilale. Shamba lililoachwa huingiwa na magugu, kisha na madalali. Kuhifadhi ni kazi. Leo nimepalilia kitalu cha miche. Mikalatusi minne ya mwisho kando ya chemchemi imeangushwa; mti huo hunywa maji mno. Sisi masista tumekubaliana: sehemu ya chini ya shamba letu isilimwe tena, ili majirani wasikose maji kila kiangazi. Magoti yanauma.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.

Mpimaji amekuja kutoka Bungoma. Amepiga vigingi vya chuma kuzunguka chemchemi na kuvipaka rangi nyekundu. Mimi ndiye niliyemwita, aweke mpaka wa sehemu isiyolimwa. Nimeeleza kila mahali: barua kwa askofu, mkutano na chifu, tangazo kanisani. Nimefundisha maisha yangu yote. Kueleza najua.

Jumamosi, 8 Machi

Kumekucha, na sehemu ya chini imelimwa. Yote, hadi ukingoni mwa maji. Simiyu, jirani yetu, aliingia alfajiri na ng'ombe wake na plau. Vigingi vimetupwa kwenye nyasi. Huyu nilimfundisha darasa la tano.

Nimekasirika. Mvua ikikuta udongo ule umelegea, wote utaishia ndani ya chemchemi. Sista Veronika, mkuu wetu, anataka polisi waitwe. Nimemwomba siku mbili. Mawingu yamekaa juu ya Mlima Elgon.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa akina mama walinipita bila salamu. Imeniuma kuliko lile shamba.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kwa Simiyu. Hakuniangalia usoni. Aliongea akiwa ameinama, akikaza kamba ya nira. Baba yake mdogo kule Naitiri aliona hivyo hivyo: kwanza miti ikakatwa, halafu vigingi, halafu lori la mawe, halafu wakaambiwa njia ya mtoni ni ploti ya mtu. Simiyu alilima ili mnunuzi akute mahindi na ashindwe kuwafukuza.

Nikasema hakuna mnunuzi. Nikasema tangazo lilisomwa kanisani.

Mke wake, Nekesa, alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuacha.

“Tangazo lilisema shamba imepimwa, Sista. Si hapo ndio tuliogopa sasa.”

“Mngeniuliza.”

“Tukuulize wapi? Sisi tuko huko chini kila asubuhi. Wewe hatujawahi kukuona na mtungi.”

Nyumba yetu ina bomba. Nimeishi hapa miaka kumi na tisa, na maji ya chemchemi ile nimeyatetea kwa karatasi tu. Niliwaeleza wakubwa wote. Wanaochota sikuwaeleza.

Nimeomba msamaha. Simiyu naye akaomba, kwa sauti ndogo, kama zamani alipokuwa hajamaliza hesabu.

Jumanne, 11 Machi

Kazi tangu asubuhi. Simiyu amechimba mitaro kukata mteremko, udongo usiteremke. Tumepanda matete juu ya kila mtaro. Vigingi vimewekwa stoo. Badala yake Nekesa na wenzake walileta miche ya lusiola, mti ambao Wabukusu wa hapa wanaupanda mpakani na hakuna anayeuogopa. Mingine imetoka kwenye kitalu changu.

Nilipanda wangu wa kwanza karibu mno na mtaro. Nekesa akaung'oa.

“Mwalimu, leo ni wewe unasahihishwa.”

Walicheka wote. Sista Veronika ndiye aliyecheka zaidi, matope hadi magotini. Neno polisi halikutajwa tena.

Jumatano, 12 Machi

Mvua jioni, kubwa, kama saa moja. Nilisimama dirishani nikihesabu mitaro kichwani. Sikula.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshuka na fimbo kabla ya sala ya asubuhi. Mtaro mmoja umebomoka. Mingine imeshika. Maji yana weusi kidogo pembeni, katikati yanaonekana hadi kwenye mawe. Miche mitatu imelala, nimeisimamisha. Kama mizizi itashika kabla ya mvua za Aprili, sijui.

Akina mama wanachota saa moja. Bado nusu saa.

Leo: chukua mtungi mdogo ulio jikoni, ushuke, upange foleni.